Korosho Chini ya Mti: Lini Kuokota Hugeuka Wizi

Korosho haichumwi mtini. Bibo likiiva huanguka lenyewe na korosho yake, na mwenye shamba huja kuokota, kutenganisha, kuanika na kujaza gunia. Kuanzia Oktoba hadi Januari, mali ya familia nyingi za wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, huwa imelala chini, kwenye kivuli cha mikorosho isiyo na uzio, mara nyingi mbali na nyumba ya mwenyewe. Anayepita njia ya mashambani alfajiri anaweza kujaza kikapu kabla jua halijachomoza.

Katika miezi hiyo mtu huitwa mwizi upesi. Jirani aliyeokota chini ya mti wa mpakani, mpwa aliyevuna mikorosho ya marehemu mjomba wake, kibarua aliyerudi nyumbani na debe moja, katibu wa chama cha msingi ambaye hesabu zake hazifungi: wote huitwa kwa jina hilo hilo. Sheria inawatenganisha. Baadhi yao ni wezi kweli, baadhi wametenda kosa jingine kabisa, na wengine hawana jinai yoyote, hata kama wanadaiwa fedha nyingi. Hakimu hawezi kuwapambanua kwa kuangalia tu kiasi cha korosho kilichokutwa mikononi mwao. Lazima ajue mtu alikuwa na nia gani mkono ulipokuwa ukisogea, na saa hiyo mali ile ilikuwa chini ya haki ya nani.

Sheria yenyewe ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Asili yake ni mwaka 1930, enzi za utawala wa Waingereza, ilipochukua nafasi ya kanuni ya adhabu ya India iliyokuwa ikitumika Tanganyika. Maneno yake kuhusu wizi yalitoka mbali zaidi. Yaliandikwa na Sir Samuel Griffith, Jaji Mkuu wa Queensland nchini Australia, katika kanuni iliyopitishwa huko mwaka 1899, yakapita Nigeria, kisha yakafika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakili wa Kampala na mwendesha mashtaka wa Nachingwea wanaweza kubishana kuhusu wizi bila kuhitaji mkalimani wa sheria.

Katika matoleo ya sheria hiyo yaliyotumika mahakamani kwa miaka mingi, kifungu cha 257 kinaeleza vitu vinavyoweza kuibwa, na cha 258 kinaeleza kuiba ni nini. Kwa lugha nyepesi, mtu anaiba pale anapochukua kitu kinachoweza kuibwa, kwa hila na bila dai la haki, au pale anapokigeuza kwa hila kiwe kwa manufaa ya mtu asiye mwenye kitu hicho. Sentensi ni fupi, lakini kila kipande chake kinatakiwa kuthibitishwa. Kikikosekana kimoja, shtaka la wizi linaanguka.

Kitu kinachoweza kuibwa ni kitu kinachohamishika ambacho ni mali ya mtu. Shamba haliwezi kuibwa, na mkorosho uliosimama hauwezi kuibwa. Anayelima nusu ekari ya jirani amevamia ardhi, na kuna sheria nyingine za kumshughulikia. Lakini sheria ilishawaza ujanja wa mtu ambaye angesema korosho ilikuwa sehemu ya mti, na mti ni sehemu ya ardhi. Kifungu cha 257 kinasema kitu kinachoweza kufanywa kihamishike kinakuwa kinachoweza kuibwa mara tu kinapohamishika, hata kama aliyekihamisha ndiye anayekiiba. Mikono inayotikisa tawi ndiyo inayoifanya korosho iweze kuibwa. Kwa hoja hiyo hiyo, reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951 ilikuwa imefungwa ardhini, lakini chuma chake kikifunguliwa parafujo kinakuwa kitu kinachoibika. Jiwe lenye madini kwenye machimbo ya Ruangwa nalo linaingia katika kanuni hiyo mara linapong'olewa mwambani.

Wanyama wana utaratibu wao. Mfugo wa nyumbani unaweza kuibwa, na kwa baadhi yao sheria imeongeza ukali: wizi wa ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe una kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Kuku hayumo kwenye orodha hiyo. Anayemwiba kuku anashtakiwa kwa wizi wa kawaida.

Sasa kuchukua. Watu wengi wanaamini kuwa wizi unakamilika mtu anapotoka nje ya shamba, au anapofika nyumbani, au anapouza. Sheria haisubiri hivyo. Mtu amechukua kitu pale anapokisogeza au anaposababisha kisogee. Aliyeokota korosho za mwenzake akazitia kwenye gunia, kisha akakamatwa palepale chini ya mti akiwa hata hajalifunga, ameshachukua. Kama vipande vingine vya kosa vipo, wizi umekamilika. Aliyekamatwa akiingia shambani na gunia tupu hajachukua kitu. Anaweza kushtakiwa kwa jaribio la kuiba au kwa kuingia shambani kwa jinai, na ushahidi unaohitajika ni tofauti. Tofauti ya dakika hizo chache hubadilisha hati nzima ya mashtaka, na ni jambo la kusikitisha kwamba mashahidi wengi wa vijijini hawaulizwi mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi: ulimkuta ameshika nini, na kilikuwa wapi?

Swali gumu kusini mwa Tanzania ni la mwenye mali.

Kifungu cha 258 kinamtaja mmiliki wa jumla na mmiliki maalumu. Mmiliki maalumu ni yule mwenye haki fulani juu ya kitu kwa sababu anakishikilia, anakidai, au amewekewa kama dhamana. Chukulia mkulima wa Mbekenyera ambaye mtoto wake ameugua mwezi Mei. Anaweka rehani mavuno ya mikorosho 20 kwa mwenye duka, na wanaandikiana kwamba msimu huu mwenye duka ndiye atakayeokota hadi deni liishe. Kukopa kwa kutegemea mikorosho si jambo geni katika wilaya hizi. Oktoba inafika. Usiku mmoja mkulima anaingia kwenye shamba alilopanda kwa mikono yake, anabeba magunia mawili ambayo mwenye duka ameshayaokota na kuyafunga. Je, mtu anaweza kuiba mali yake?

Anaweza. Kifungu cha 263 kinasema haijalishi kwamba aliyechukua ni mmiliki, ikiwa kuna mtu mwingine mwenye haki maalumu juu ya kitu hicho. Wala haijalishi kwamba ni mmoja wa wamiliki wa pamoja. Jambo hili haliko Tanzania tu. Mwaka 1971 mahakama ya rufani ya Uingereza ilithibitisha hatia ya mtu aliyechukua gari lake mwenyewe kwa siri kutoka kwa fundi ili akwepe kulipa gharama za matengenezo. Gari lilikuwa lake, lakini lilikuwa mikononi mwa fundi, na hilo lilitosha.

Kanuni hiyo ina uzito mkubwa katika eneo ambalo zao lake linapita ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ukaanza kutumika kwenye korosho. Mkulima anapeleka mzigo kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha unasafirishwa hadi ghala lililosajiliwa kusubiri mnada. Kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, minada inasimamiwa na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutoka majina ya wilaya hizo tatu. Tangu mzigo upimwe hadi uuzwe, watu kadhaa wana haki juu ya gunia moja: mkulima ambaye bado ni mwenye mali, mwendesha ghala anayedai ada ya kuhifadhi, na pengine benki iliyokopesha kwa dhamana ya mzigo. Mkulima akishirikiana na mlinzi kutoa gunia lake kwa mlango wa nyuma baada ya kupokea stakabadhi, hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba korosho ni zake.

Hata hivyo, yule mkulima wa Mbekenyera bado ana mlango mmoja wa kutokea, na sheria imeufungua kwa makusudi. Huo ni mlango wa dai la haki.

Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali ikiwa alichofanya alikifanya kwa kutumia dai la haki analoliamini kwa moyo mweupe, bila nia ya kulaghai. Dai hilo halilazimiki kuwa sahihi. Linalazimika kuwa la kweli moyoni mwake. Kama yule mkulima aliamini kwamba deni limeshaisha, na ana sababu ya kuamini hivyo, basi kesi yake ni ya madai hata kama alikosea hesabu.

Wilaya hizi zina kisima kirefu cha madai ya namna hiyo, na chanzo chake ni historia ya koo. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa mama. Kwa desturi, mali ya mwanamume iliweza kuelekea kwa wapwa zake, watoto wa dada. Uislamu ulipoenea, na baadaye mahakama za serikali zilipoanza kugawa mirathi, watoto wa marehemu wakawa na haki ambazo wajomba wa zamani hawakuzitambua. Mkorosho nao unaishi miaka mingi kuliko ndoa nyingi. Baba anaweza kupanda miti 50 kwenye ardhi ya ukoo wa mke wake, akafariki, na msimu unaofuata watu watatu wakaja na vikapu: mtoto wake, mpwa wake, na shemeji mwenye ardhi. Kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba wengine wawili wanamwibia.

Hapo polisi na mahakama za jinai hutakiwa kurudi nyuma. Katika uamuzi uliochapishwa kwenye mkusanyiko wa hukumu za Tanzania wa mwaka 1992, Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba mahakama ya jinai si mahali pa kuamua nani mwenye ardhi. Umiliki huamuliwa kwa shauri la madai. Shauri lile lilihusu kuingia kwa jinai, lakini hoja yake inatumika mara kwa mara pale mtu anaposhtakiwa kwa kuiba mazao ya shamba linalogombaniwa. Kwanza ijulikane shamba ni la nani, kisha ndipo aliyevuna aitwe mwizi. Kumpeleka shemeji rumande ili akate tamaa na shamba ni matumizi mabaya ya sheria, na anayefanya hivyo huwa anapoteza muda wake mwenyewe, kwa sababu hata akishinda kesi ya jinai hajapata hati wala uamuzi wowote wa umiliki.

Dai la haki si vazi la kuvaa mahakamani baada ya kukamatwa. Hakimu huangalia mwenendo. Mtu aliyevuna mchana kweupe, akiwaambia majirani kwamba mikorosho ni ya marehemu baba yake, mwenendo wake unaliunga mkono dai lake. Aliyevuna saa nane usiku, akakimbia alipomulikwa tochi, kisha akakumbuka ukoo wake siku ya pili kituoni, ana kazi kubwa zaidi ya kuaminika.

Kipande kinachobaki ni hila, na hapa kanuni ya Griffith inatofautiana na mawazo ya watu wengi, wakiwemo baadhi ya waliosoma. Nchini Uingereza, chini ya sheria yao ya wizi ya mwaka 1968, mashtaka ya wizi yanahitaji kuthibitisha nia ya kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja. Tanzania nia hiyo imo, lakini ni moja tu kati ya tano. Ya pili ni nia ya kuitumia mali ya mtu kama rehani. Anayebeba pikipiki ya kaka yake bila ruhusa akaiweka bondi kwa mkopeshaji, akitarajia kuikomboa baada ya mnada, ameichukua kwa hila hata kama anakusudia kuirudisha. Ya tatu inakaribiana nayo: kuitoa mali kwa sharti la kurejeshwa ambalo huenda aliyeichukua asiweze kulitimiza. Ya nne ni nia ya kuitumia mali kwa namna ambayo haiwezi kurudi katika hali iliyokuwa nayo ilipochukuliwa, na korosho inaieleza vizuri kuliko kitu kingine chochote. Aliyechukua korosho ghafi za jirani akazichoma na kuzibangua hawezi kuzirudisha kama zilivyokuwa. Hata akirudisha kiini chote, kilo kwa kilo, alichorudisha ni kitu kingine.

Ya tano inahusu fedha, na ndiyo inayostahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya AMCOS.

Sheria inasema kwamba kwa upande wa fedha, inatosha mtu kuwa na nia ya kuzitumia apendavyo yeye, hata kama anakusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Mhasibu wa chama anayechukua shilingi milioni mbili za wakulima siku ya Ijumaa ili amalizie nyumba, akiwa na uhakika kwamba fedha zake za ufuta zitaingia Jumatatu, amezichukua kwa hila siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Akizirudisha Jumatatu amerudisha fedha alizokwisha kuiba. Urejeshaji unaweza kumpunguzia adhabu, na pengine ukawafanya wanachama wasimshtaki, lakini haufuti kosa. Maneno ya "nilikopa tu" ambayo husikika kwenye mikutano ya ushirika hayana nguvu ikiwa hapakuwa na aliyemkopesha.

Tena mtu wa namna hiyo hashtakiwi kwa wizi wa kawaida. Kanuni ya Adhabu ina vifungu maalumu kwa karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake, na kwa wakala anayeiba alichokabidhiwa, na adhabu yake ni nzito kuliko ya mwizi aliyeruka uzio. Sababu yake inaeleweka. Mwizi wa usiku anapambana na kufuli, mbwa na mlinzi, lakini katibu alishapewa ufunguo. Kibarua wa kuokota naye yumo kwenye kundi hili: korosho anazookota ziko mikononi mwake kwa niaba ya mwenye shamba, na debe analoficha kichakani ni wizi wa mtumishi.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya kifungu cha 258 inapofanya kazi, ile ya kugeuza. Dereva wa bodaboda aliyekabidhiwa gunia alifikishe ghalani hakuiba alipolipokea, kwani alilipokea kwa ridhaa. Akikata kona akaliuza njiani, ameligeuza kuwa kwa manufaa yake, na huo ni wizi sawa na wa kuchukua. Sheria inasema haijalishi kama kitu kilikuwa tayari mikononi mwake.

Ni lazima kusema pia wizi unapokoma na deni linapoanza, maana watu huumia sana hapo. Mnunuzi aliyenunua kwa mkopo akashindwa kulipa amevunja mkataba, ila ithibitike kwamba alitumia uongo tangu mwanzo, na hapo kosa linakuwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Mkulima aliyepewa fedha za palizi akaahidi kulipa kwa korosho, kisha mvua na ubwiri unga vikaharibu maua, anadaiwa tu. Gereza halikuwekwa kwa ajili yake.

Vipi aliyeokota kilichopotea? Lori linapakia magunia kuelekea Masasi, moja linadondoka njiani, na kijana anayepita na baiskeli analikuta. Sheria inamkinga mwokotaji ikiwa hamjui mwenye mali na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Gunia likiwa na alama ya AMCOS, kinga hiyo inayeyuka.

Na mtoto? Aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa kosa lolote. Wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lile halikumpasa. Watoto wanaokwenda kula mabibo wakarudi na korosho mifukoni hawana mahali katika kitabu cha kesi, na mzazi wa mtoto aliyechapwa viboko na mgambo kwa sababu hiyo ana haki ya kulalamika.

Liko pia jambo la kangomba, biashara ya kununua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla ya mavuno. Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mizigo, wakulima walihakikiwa kwanza ili korosho za kangomba zijulikane. Wengi waliwaita wanunuzi hao wezi, na hasira yao ilikuwa na msingi. Kisheria, mkulima aliyeuza kwa kangomba aliridhia, hata kama shida ndiyo iliyomsukuma, na mali iliyotolewa kwa ridhaa ya mwenyewe haijaibwa. Makosa ya kangomba yanatafutwa kwenye sheria zinazosimamia zao lenyewe, ikiwemo Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009. Ila mnunuzi wa usiku ana hatari nyingine. Akinunua gunia huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba limeibwa, anakuwa mpokeaji wa mali ya wizi, na hilo ni kosa linalojitegemea.

Vipande vyote hivyo vikishajulikana, kinachobaki ni kuvithibitisha, na korosho ni shahidi mgumu. Ng'ombe ana rangi na chapa, simu ina namba. Kilo 80 za korosho zinafanana na kilo 80 nyingine zozote kutoka Naipanga hadi Mandawa. Mahakama huweza kumtia mtu hatiani kwa sababu amekutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita na hana maelezo, lakini Mahakama ya Rufani ilieleza masharti yake katika rufani ya jinai namba 94 ya mwaka 2007: mali iwe imekutwa kwa mshtakiwa, itambuliwe kwa uhakika kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Sharti la pili ndilo linaloangusha kesi nyingi za mazao. Mwenye shamba anasema "hizi ni zangu, nazijua", na mwendesha mashtaka hana la kuongeza. Kinachosaidia ni gunia lenye alama ya rangi, mshono wa kipekee, hesabu iliyoandikwa kabla ya tukio, au nyayo na korosho zilizodondoka zikifuatwa kutoka mtini hadi mlangoni mbele ya mtendaji wa kijiji.

Hesabu nazo zilingane. Hati ikisema magunia matano, mwenye mali akasema matatu, na askari akaleta mawili, mshtakiwa ana haki ya kunufaika na shaka hiyo, kwa kuwa upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha, na kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa hana hatia.

Yote haya hayana nafasi pale kelele za "mwizi" zinapokusanya watu wenye fimbo. Raia anaruhusiwa kumkamata aliyemkuta akitenda kosa, kisha amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kundi linalompiga mtu hadi kufa kwa ajili ya nusu gunia linabadilisha kosa la mali kuwa mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa. Nani atajua sasa kama marehemu alikuwa na dai la haki? Nani atamuuliza kama shamba lile lilikuwa la mama yake? Mambo ambayo sheria inayatafuta kwa taabu, yaani nia na imani ya mtu, huzikwa pamoja naye. Mwizi naye anaweza kuyafanya mambo kuwa mabaya zaidi kwa upande wake. Akimtishia mlinzi kwa panga ili abaki na mzigo, wizi umegeuka unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

Kesi nyingi ndogo za wizi huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri limekuwa likiendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya, na baada ya hapo siku 30 nyingine za kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa kwa miaka mingi imekuwa Kanda ya Mtwara. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba lina hoja ya kisheria. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya, mtu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani Mahakama Kuu ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufani yenyewe ndani ya siku 45. Nakala ya hukumu ndiyo ya kuombwa kwanza, siku hiyo hiyo hukumu inaposomwa, kwa karani wa mahakama.